Risasi ya Filamu na Mtaro wa Barabarani

Miongoni mwa mambo ambayo sinema ya dunia imeyarudia kwa zaidi ya karne moja bila kuchoka ni mzingiro, yaani hali ambapo polisi wamelizunguka jengo, mtu mwenye silaha aliye ndani amekataa kutoka, na pande zote mbili zinabaki zikiviziana hadi mmoja achoke, ajisalimishe au afyatue risasi. Mazungumzo haya yanahusu jinsi skrini, iwe ya ukumbi wa sinema, ya televisheni ya sebuleni au ya simu ya mkononi, inavyoonyesha makabiliano ya aina hiyo pamoja na vifo vya maafisa wa usalama wanaouawa wakiwa kazini. Yanaliangalia suala hilo kutoka Kitengela na Kaunti ya Kajiado kwa jumla, eneo ambalo katika miaka miwili tu, 2024 na 2025, lililazimika kumtazama polisi katika sura mbili zisizopatana: sura ya afisa wa Kajiado aliyeuawa ng'ambo akitekeleza amri, na sura ya watu waliodaiwa kuwa maafisa wa serikali waliowakamata wakazi wa Kitengela na kuwaficha kwa muda wa mwezi mmoja.

Umbo la mzingiro lina historia inayoweza kufuatiliwa kwa tarehe. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1910, katika mtaa wa Houndsditch jijini London, genge lililokuwa likitoboa ukuta ili kuingia katika duka la sonara liliwapiga risasi na kuwaua polisi 3. Tarehe 3 Januari 1911, watu wawili walioaminika kuwa wa genge hilo walizingirwa katika nyumba moja ya Sidney Street, wanajeshi wakaitwa kuwasaidia polisi ambao silaha zao hazikufua dafu mbele ya bunduki za waliokuwa ndani, nyumba ikashika moto, na Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Winston Churchill, akajitokeza mwenyewe barabarani kuangalia. Wapiga picha wa kampuni ya Pathé walikuwepo na mitambo yao. Filamu yao ilipoonyeshwa katika kumbi za sinema watazamaji walimzomea Churchill, na tangu siku hizo za mwanzo ilikuwa wazi kwamba kamera humfuata mkubwa aliyekuja kutazama na kuwasahau polisi 3 wa Houndsditch, kwa sababu hao waliuawa gizani, zaidi ya wiki mbili kabla, mahali ambapo hapakuwa na kamera yoyote.

Mzingiro unaifaa kamera kwa kuwa unaipa kila inachohitaji: mahali pasipohama, muda unaokwenda polepole kiasi cha mtazamaji kuhesabu dakika, adui mwenye uso na sauti, na mazungumzo ya simu au kipaza sauti ambayo ndani yake kila upande unaweza kueleza madai yake. Filamu ya Dog Day Afternoon ya mwaka 1975, iliyotokana na wizi wa benki uliotokea Brooklyn mwaka 1972, imejengwa karibu yote juu ya msingi huo, na nguvu yake iko katika kumfanya mtazamaji amwonee huruma mwizi aliyenaswa na kumwona polisi kama umati tu wa bunduki zilizoelekezwa mlangoni. Filamu za namna nyingine humpendelea polisi, lakini hata humo kifo cha afisa hupewa kazi moja inayojirudia: hufa rafiki wa mhusika mkuu, mara nyingi yule aliyebakiza siku chache kustaafu au aliyetoka kuonyesha picha ya mtoto wake, na kifo chake kinakuwa hati ya kumruhusu mhusika mkuu kufanya katika saa nzima inayofuata mambo ambayo sheria isingemruhusu. Afisa huyo haachi mjane anayefuatilia malipo wala faili lililopotea ofisini. Kazi yake katika simulizi imekwisha pale anapoanguka.

Hata visa vya kweli hukatwakatwa vipate kuingia katika kalibu hiyo. Tarehe 28 Februari 1993, karibu na mji wa Waco katika jimbo la Texas, maafisa 4 wa idara ya shirikisho ya kudhibiti silaha waliuawa katika uvamizi wa asubuhi moja dhidi ya makao ya madhehebu ya David Koresh, ndipo ukaanza mzingiro wa siku 51. Tamthilia ya televisheni iliyotolewa mwaka 2018 kuhusu kisa hicho iliweka uzito wake juu ya Koresh na mpatanishi wa FBI, na hilo linaeleweka, kwa maana hao ndio waliokuwa na siku 51 za kuzungumza. Waliokufa saa ya kwanza hawakuwa na muda wa kuwa wahusika.

Filamu za aina hii zimefika Kitengela kwa njia nyingi. Mji huo, ambao ulikua kutoka kituo kidogo cha biashara kilichoitwa Noonkopir kando ya barabara ya Namanga hadi kuwa na zaidi ya watu 150,000 katika sensa ya mwaka 2019, umepokea wapangaji wanaofanya kazi Nairobi, Athi River na katika viwanda vya EPZ, yaani vya bidhaa za kuuza nje, na kama miji mingine inayokua kwa kasi hiyo umekuwa na vibanda vya video: chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga, na televisheni iliyoinuliwa juu ili hata wa nyuma aone. Katika vibanda hivyo, na baadaye katika skrini za matatu, filamu ya kigeni mara nyingi haikusikika kwa lugha yake. Ilisikika kwa sauti ya DJ Afro, msimulizi Mkenya aliyejipatia umaarufu kwa kufunika mazungumzo ya asili ya filamu za mapigano kwa masimulizi yake ya Kiswahili na Sheng, akiwapa wahusika nia, utani na hata tabia ambazo mwandishi wa filamu hakuwapa.

Wasomi wa filamu wamezoea kuichukulia kazi hiyo kama kichekesho, na kwa kufanya hivyo wanakosa jambo la maana, kwa sababu usimulizi wa kibandani ni uhakiki wa papo kwa papo unaofichua ni nani anayehesabika katika filamu. Msimulizi humtambulisha staring, yaani mhusika mkuu ambaye kila mtazamaji anajua hatakufa, humtambulisha adui mkubwa, na wale polisi wanaoteremka kwenye magari ya ving'ora ili waangushwe kumi kwa pamoja huwapitia kwa mzaha, kwa kuwa filamu yenyewe haikuwapa majina. Mtoto aliyekulia katika mabenchi hayo alijifunza kwamba kuna polisi wa kulilia na polisi wa kuhesabu, na hakujifunza hilo kwa DJ Afro. Alijifunza kwa waliotengeneza filamu.

Skrini ya Kenya yenyewe ilichukua njia tofauti, nayo kwa muda mrefu haikuwa njia ya bunduki. Katika Vioja Mahakamani, kipindi cha KBC kilichodumu kwa miongo kadhaa, polisi alikuwa mleta mashtaka na shahidi katika kesi za kuchekesha, na katika Inspekta Mwala, kipindi cha Citizen kilichobebwa na mwigizaji Davis Mwabili, mkuu wa polisi ndiye aliyekuwa kichekesho chenyewe, mtu wa vitisho vingi na busara chache ambaye raia wake hawamwogopi sana. Vichekesho hivyo vilikuwa na faida yake, kwa kuwa viliwapa watazamaji nafasi ya kumcheka mtu ambaye barabarani hawakuthubutu kumcheka; lakini polisi wa kuchekwa hawezi kufa kazini, na kwa hiyo kifo cha afisa kilibaki nje ya tamthilia ya Kenya kwa miaka mingi.

Aliyepata simulizi nzito alikuwa jambazi. Mwaka 1984 John Kiriamiti, aliyewahi kufungwa kwa wizi wa kutumia mabavu, alichapisha riwaya ya maisha yake, My Life in Crime, ikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa zaidi nchini, na tangu hapo wasomaji wa Kenya wamekuwa na mwizi wa benki anayejieleza kwa ufasaha bila kuwa na polisi wa kumjibu kwa ufasaha huohuo. Filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga, iliendeleza mtazamo huo kwa ustadi mkubwa zaidi: kijana Mwas anayekuja jijini kutafuta uigizaji anaingia katika genge la wezi wa vipuri vya magari, na polisi anaokutana nao ni washirika wa uhalifu, wanaokula pamoja na wezi na wanaoweza kuwageuka na kuwaua. Hakuna mtazamaji wa Kitengela aliyehitaji kuelezwa kwa nini hali hiyo inaaminika. Mfululizo wa Crime and Justice, uliotolewa na Showmax kwa ushirikiano na Canal+ mwaka 2021, ndio uliojaribu kwa uzito kumweka mpelelezi Mkenya katikati ya simulizi, ukiwafuata wapelelezi Makena na Silas wa Nairobi katika kesi zilizochotwa kwenye matukio ya habari, na sifa yake kubwa ni kwamba haukuishia kwenye kukamata. Uliendelea hadi mahakamani, mahali ambapo ushahidi uliokusanywa ovyo huanguka.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya mazungumzo haya. Maafisa wa Kenya waliouawa kazini katika miaka ya karibuni, kwa sehemu kubwa, hawakufa katika mzingiro. Walikufa katika mashambulizi ya kuvizia, ambapo adui amejificha na ndiye anayechagua saa na mahali, au kwa mabomu ya kutegwa, yaani vilipuzi vinavyofukiwa chini ya barabara na kusubiri gari. Tarehe 10 Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 waliuawa katika Bonde la Suguta, karibu na Baragoi katika Kaunti ya Samburu, walipokuwa wakiwafuata wezi wa mifugo. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka kwenye mafunzo karibuni, walipelekwa katika eneo wasilolijua, wakamiminiwa risasi na watu waliojibanza, na baadhi ya miili ilikaa siku kadhaa kabla ya kufikiwa. Tarehe 13 Juni 2023, maafisa 8 waliuawa katika Kaunti ya Garissa gari lao lilipolipuliwa na bomu la kutegwa. Tarehe 23 Machi 2025, askari 6 wa akiba waliuawa katika kaunti hiyohiyo kambi yao ilipovamiwa.

Ukiyapeleka matukio hayo kwa mwandishi wa filamu aliyefunzwa na Hollywood, atakosa pa kuanzia. Aliyewaua maafisa 8 wa Garissa huenda alikuwa amekwisha kuondoka mahali hapo saa nyingi kabla ya mlipuko. Hakuna kipaza sauti wala madai wala mpatanishi, na muda wote wa tukio ni sekunde moja. Ili kifo hicho kieleweke, kamera ingelazimika kurudi nyuma hadi kwenye mambo yasiyo na mlio wowote: nani aliamua gari lipite barabara hiyo, kama lilikuwa na deraya, yaani mabamba ya chuma ya kukinga mlipuko, kama taarifa za wakazi zilisikilizwa, na redio ya mawasiliano ilikuwa inafika umbali gani. Filamu ya aina hiyo ingefanana zaidi na ukaguzi wa hesabu kuliko na vita, na huenda ndiyo sababu watayarishaji wanaikwepa.

Kenya imekuwa na mizingiro ya kweli pia, na hata hiyo haikuifuata kalibu. Shambulio la jengo la biashara la Westgate jijini Nairobi, lililoanza tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, lilitazamwa moja kwa moja kwenye televisheni kwa siku nne, lakini kilichotazamwa kilikuwa moshi, ukuta wa nje na viongozi waliosema hali imedhibitiwa. Filamu ya hali halisi ya Terror at the Mall, iliyoongozwa na Dan Reed na kutolewa mwaka 2014, ilitumia picha za kamera za usalama za jengo lenyewe, na humo mtazamaji aliona jambo ambalo matangazo ya moja kwa moja hayakuweza kulionyesha: kwamba saa za mwanzo za uokoaji zilibebwa na polisi wachache waliovaa nguo za kawaida pamoja na raia waliomiliki bastola kihalali, kabla ya vikosi vikubwa kupangwa. Waandishi wa habari waliochunguza tukio hilo waliripoti pia kwamba kamanda wa Recce, kikosi cha GSU (tawi la kijeshi la polisi) kilichofunzwa kuokoa mateka, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa upande wake mwenyewe, kwa sababu polisi na jeshi waliingia bila uratibu wa pamoja. Kifo cha namna hiyo hakina nafasi katika filamu ya kishujaa, kwa kuwa kinamwondoa adui na kuweka badala yake swali la nani alikuwa akitoa amri.

Katika Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika shambulio lililoanza kabla ya mapambazuko, na kikosi cha Recce, ambacho ndicho kilichokuja kulimaliza, kilifika Garissa mchana. Tamthilia ya kweli ya siku hiyo imo katika saa hizo za kati, za maafisa waliokuwa tayari wakisubiri ndege huku wanafunzi wakipiga simu nyumbani. Mwongozaji yeyote angevutwa na risasi za jioni, wakati somo limekaa uwanja wa ndege.

Kaunti ya Kajiado iliingia katika habari hizi kwa njia ya Haiti. Kwa azimio nambari 2699 la tarehe 2 Oktoba 2023, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi cha kimataifa cha kuisaidia polisi ya Haiti kupambana na magenge, Kenya ikakubali kukiongoza, na maafisa wake 400 wa kwanza wakatua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Afisa wa kwanza wa kikosi hicho kuuawa alikuwa Samuel Tompoi Kaetuai, mwenyeji wa Kajiado, aliyepigwa risasi tarehe 23 Februari 2025 katika operesheni ya Ségur-Savien, eneo la Artibonite, akasafirishwa kwa helikopta hadi hospitalini na kufariki. Watazamaji wa Kajiado walikiona kifo hicho kwa namna ambayo televisheni ya Kenya imeizoea: picha ya afisa akiwa ndani ya sare, taarifa iliyosomwa na msemaji, jeneza lililofunikwa bendera likipokelewa kwa heshima za kiserikali, kisha mazishi na hotuba. Heshima hizo hazistahili kubezwa, kwani familia ilizistahili. Lakini mtu aliyetaka kujua Ségur-Savien ni mahali pa namna gani, kwa nini polisi wa Kenya walikuwa huko siku hiyo na walikuwa wangapi, hakupata jibu katika picha alizoonyeshwa.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Machi 2025, ilitokea katika eneo hilohilo la Artibonite habari ambayo kila mwandishi wa filamu nchini angefaa kuisoma mara mbili. Kwa mujibu wa taarifa rasmi ya kikosi, gari la deraya la polisi wa Haiti lilikwama katika mtaro ulioshukiwa kuchimbwa na genge kwa makusudi. Magari mawili ya kikosi yakatumwa kulikwamua, moja likakwama nalo, la pili likaharibika mtambo, na watu waliokuwa wakisubiri wakafyatua risasi. Afisa Mkenya, Benedict Kabiru, alitajwa kuwa hajulikani aliko. Wakati huohuo zilisambaa mitandaoni picha za video zilizodaiwa kuonyesha mwili wake, na familia ikajikuta inatazama kwenye simu kile ambacho serikali ilikuwa haijakithibitisha. Rais William Ruto alimtaja miongoni mwa maafisa waliopoteza maisha Haiti mnamo Septemba 2025, katika Umoja wa Mataifa mjini New York, yaani nusu mwaka baada ya siku ya mtaro.

Katika tukio hilo kuna mambo mawili yanayoivunja sinema ya mzingiro. La kwanza ni mtaro wenyewe: hakuna filamu ya mapigano inayoanza na magari matatu yaliyokwama na fundi anayehitajika, ilhali vifo vingi vya maafisa huanzia hapo, kwenye gari linalogoma na barabara isiyo na njia nyingine ya kutokea. La pili ni zito zaidi. Pale ambapo serikali inachelewa kusema na watayarishaji wa filamu hawana umbo la kulisimulia tukio, anayebaki na kamera ni muuaji, na yeye anajua anachotaka kuonyesha. Magenge ya Haiti hurekodi na kusambaza kazi yao kwa lengo la kutisha, kama walivyofanya wanamgambo wa al-Shabaab wa Somalia kwa miaka mingi katika video za mashambulizi dhidi ya kambi za wanajeshi na polisi, na kwa hiyo picha ya pekee ya afisa aliyekufa kazini inayomfikia mdogo wake huko nyumbani ni ile iliyopigwa na adui yake. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo hakina bodi ya kuainisha filamu. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, inayofanya kazi chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, inaweza kudai umri wa miaka 18 kwa tamthilia yenye damu na kuzuia picha za kutisha kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku kwenye televisheni, lakini mamlaka hayo hayafiki kwenye kiganja cha mtu.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kutoka hapo kwamba Kenya inahitaji filamu za kuwaenzi polisi, na Kitengela ndipo mahali ambapo hitimisho hilo linakwama. Tarehe 19 Agosti 2024, wanaharakati watatu walichukuliwa katika mji huo, wiki chache baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, na hawakuonekana hadi tarehe 20 Septemba. Polisi walikana kuwashikilia. Mahakama Kuu ilimwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, afike kueleza waliko, naye hakufika alipoitwa mara kadhaa, hata tarehe 13 Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau mahakama, hukumu ambayo baadaye iliondolewa alipojitokeza na kuomba radhi. Hayo yalikuwa makabiliano ya kweli, ya dola na mahakama yake, yaliyochukua wiki kadhaa na kufuatiliwa na nchi nzima, bila king'ora hata kimoja.

Tena tarehe ileile ya 25 Juni 2024, ambayo maafisa 400 walitua Port-au-Prince wakipokewa kama walinzi wa raia, ndiyo siku ambayo waandamanaji walipigwa risasi nje ya Bunge la Kenya, na filamu ya uchunguzi ya BBC Africa Eye, Blood Parliament, iliyotolewa Aprili 2025, ilizipanga video za simu na za kamera za wanahabari ili kuwatambua waliofyatua. Mtazamaji wa Kajiado amebeba picha zote mbili kichwani. Filamu itakayomwomba amlilie afisa aliyeuawa huku ikijifanya haijui mambo ya Bunge na ya Agosti 2024 ataiona kuwa tangazo la serikali, na ile itakayomwambia kwamba kila aliyevaa sare ni muuaji itagongana na kaburi lililopo katika kaunti yake. Ugumu huo, kwa maoni ya mazungumzo haya, ni mtaji wa mwandishi mwenye kipaji, kwa sababu tangu mageuzi yaliyotangazwa Septemba 2018, yaliyowaruhusu polisi kupokea marupurupu ya nyumba na kukaa miongoni mwa raia, afisa anayelinda maandamano anaweza kuwa mpangaji wa ploti moja na mama wa kijana anayeandamana, wakichota maji kwenye tangi moja na kudaiwa kodi na msimamizi mmoja wa nyumba. Hadithi hiyo haihitaji kuagizwa kutoka London wala Texas.

Vikwazo vya kuitengeneza vipo. Sheria haimruhusu mtu asiye afisa kuvaa au kumiliki sare za polisi bila idhini, na kibali cha kupiga filamu hutolewa na wakuu wa serikali ileile ambayo filamu ingeiuliza maswali, jambo linaloeleza kwa nini watayarishaji wengi wanaona nafuu kubaki na vichekesho au na wapelelezi wa nguo za kawaida. Fedha nazo ni kikwazo, ingawa si kikubwa kama inavyodhaniwa, kwa kuwa simulizi ya mtaro inahitaji magari matatu na barabara moja mbovu, na uwanda wa Athi-Kapiti kuanzia Kitengela kuelekea Isinya una udongo mweusi wa mfinyanzi ambao msimu wa mvua unaweza kulikwamisha gari la uzito wowote bila msaada wa genge. Kinachogharimu zaidi ni uandishi wa sehemu inayofuata, ile ya nusu mwaka ambayo ndani yake afisa si hai wala si maiti katika kumbukumbu za serikali, mshahara wake una utata, ukoo haujui kama upange matanga au uendelee kusubiri, na kila simu inayoingia ina kiungo cha video ambacho mtu mmoja katika nyumba lazima ajitolee kukifungua ili wengine wasikione. Mwandishi atakayeweza kuijaza miezi hiyo sita kwa dakika arobaini za maigizo, bila risasi na bila muziki wa kumsaidia, atakuwa ameanzisha aina ya filamu ya polisi ambayo Kenya bado haijawa nayo.